Angonoka au sokake: mchango wetu umfuate kobe yupi?

Mwenzetu mmoja alirusha picha kwenye kundi letu usiku wa Ijumaa. Kobe wa ukubwa wa sufuria ndogo, mgongo mweusi wenye miale ya manjano kama nyota, miguu imebanwa kwa utepe wa gundi. Chini akaandika: "Na hawa wamekutwa hapa hapa Tanzania." Ilikuwa Desemba 2024, siku zile mamia ya kobe wa Madagaska waliponaswa nchini wakiwa njiani kwenda kuuzwa ng'ambo. Kufika asubuhi kundi lilikuwa na ujumbe zaidi ya mia, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuchangishana hakuna aliyezungumzia harusi.

Sisi ni watu 23 tuliomaliza kidato cha nne pamoja. Tunachanga kila mwezi, na mwisho wa mwaka sehemu ya fedha tunaitoa. Mwaka juzi ilikuwa pampu ya kisima, mwaka jana magodoro ya wodi ya wazazi. Safari hii wengi wamesema kobe, kisha wakagawanyika. Kambi moja inamtaka angonoka kwa sababu ndiye adimu zaidi. Nyingine inamtaka sokake, yule wa kwenye picha. Kwa kuwa nimefundisha baiolojia miaka 31, mzigo ukaniangukia: Mwalimu, andika, tulinganishe, tupige kura. Naiweka hapa hadharani kwa kuwa huenda na wewe una shilingi kidogo na swali hilohilo.

Kabla hujaniuliza: ndiyo, kobe bapa wa Kenya na Tanzania, yule anayejibana kwenye nyufa za majabali, naye yuko kwenye daraja lilelile la hatari. Hoja ilitolewa, ikashindwa kwa kura nne. Mwakani nitairudisha.

Ndugu wawili wasiofanana

Wote wawili ni wa Madagaska tu. Hakuna porini kwingine walikozaliwa. Wataalamu wamewaweka katika ukoo mmoja, Astrochelys, na IUCN, shirika la kimataifa linalopima hatari ya viumbe kutoweka, limewapa daraja la mwisho kabla ya mnyama kutoweka porini. Biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku na mkataba wa CITES tangu 1975. Kufanana kwao kunaishia karibu na hapo.

Angonoka ana gamba lililopanda juu kama kuba, rangi ya sukari guru, na kingo za kila kipande zimekoza weusi. Dume hufika kilo 10 hivi na urefu wa gamba hupita sentimita 40. Jike ni mdogo kidogo. Alama yake ambayo huwezi kuikosa iko chini: gamba la tumboni linatoka mbele, katikati ya miguu, likapinda kwenda juu chini ya koo kama ulimi wa plau. Kichwa chake kinapotoka inabidi kichungulie kando ya huo ulimi. Wazungu wamempa jina la plau kwa sababu hiyo, ila majike nao wanao, mfupi zaidi.

Ulimi huo ni silaha. Madume wawili wakikutana msimu wa kupandana wanasukumana, kila mmoja akitafuta kuuchomeka ulimi wake chini ya gamba la mwenzake, amnyanyue, ampindue. Aliyepinduliwa anabaki chali, miguu inapiga hewa, mpaka ajigeuze. Waliowafuga waligundua kuwa dume asiye na mshindani mara nyingi hajishughulishi na jike hata kidogo. Kwa hiyo ukitaka makinda lazima kwanza uruhusu ugomvi, jambo ambalo mtu mwenye kobe wachache wa thamani hivyo analiangalia huku moyo ukimdunda.

Sokake gamba lake ni jeusi au kahawia iliyokoza, na katikati ya kila kipande pana doa la manjano linalotoa miale kuelekea kingoni. Urefu wake hufika sentimita 40, uzito hadi kilo 16. Ni mzuri, na uzuri huo umemponza. Anaishi muda mrefu kupita kiasi: kule Tonga, Bahari ya Pasifiki, palikuwa na sokake wa jumba la kifalme aliyeitwa Tu'i Malila, anayesimuliwa kuwa aliletwa na nahodha James Cook mwaka 1777, akafa katikati ya miaka ya 1960. Na mwaka 2023 katika bustani ya wanyama ya Houston, Marekani, sokake dume wa miaka 90 alipata watoto watatu kwa mara ya kwanza. Wazee wa kundi letu wameomba habari hii isomwe mara mbili.

Wanakokaa

Angonoka wa porini wote wako mahali pamoja: vichaka vilivyozunguka ghuba ya Baly, kaskazini magharibi ya Madagaska, karibu na mji mdogo wa Soalala. Ni mianzi mifupi iliyosongamana, vichaka vikavu, na katikati uwanda wa nyasi. Anakula majani ya vichaka na majani makavu ya mianzi yaliyokwisha kuanguka, mabichi hayataki. Pembeni pana watu wenye ng'ombe wa nundu, na mfugaji huchoma nyasi ili zichipue. Moto ukivuka mpaka ukaingia mianzini, kobe hana mbio za kuushinda.

Sokake yuko upande wa pili wa kisiwa, kusini na kusini magharibi, kwenye msitu wa miiba wa nchi ya Watandroy na Wamahafaly. Nchi kame hasa. Anakula nyasi, matunda yaliyoanguka, na mpungate kwa wingi, miiba na yote. Eneo lake ni kubwa mara nyingi kuliko la angonoka, lakini linaliwa kutoka kila upande na wachoma mkaa na mashamba mapya.

Kwa mchangaji, tofauti hii ya ramani ina maana yake. Ukimlinda angonoka unalinda vichaka vichache unavyoweza kuvizunguka kwa miguu na kwa mashua. Ukimlinda sokake unalinda nchi.

Nani anawachukua

Hapa ndipo kundi letu lilipochanganya mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Zamani angonoka aliliwa. Wafanyabiashara wa Kiarabu walimpakia majahazini kwenda Ngazija na visiwa jirani kama kitoweo, na Vaillant, Mfaransa aliyempa jina la kisayansi mwaka 1885, alidhani ni mnyama wa huko huko Komoro. Wasakalava wanaokaa naye leo kwa kawaida hawamli. Wengine walimweka pamoja na kuku wakiamini anawakinga na maradhi. Adui wa ndani aliyebaki ni moto, pamoja na nguruwe-mwitu anayefukua mayai na kutafuna makinda. Adui wa nje ndiye anayemmaliza: tajiri wa mbali anayetaka mnyama ambaye jirani yake hana. Angonoka mkubwa mmoja amewahi kutajiwa bei ya makumi ya maelfu ya dola. Kadiri wanavyopungua, bei inapanda. Kadiri bei inavyopanda, wanapungua. Machi 2013, uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, palifunguliwa begi likakutwa angonoka 54 na sokake 21. Wakati ule ilikadiriwa kuwa hao 54 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya angonoka wote wa porini. Begi moja.

Sokake ana wateja wa aina mbili. Wapo hao wa ng'ambo, na wapo wanaomtia chunguni. Kwa Watandroy na Wamahafaly kumla sokake ni fady, yaani mwiko, na wapo ambao hata kumgusa hawataki. Kwa karne nyingi mwiko huo ulikuwa ulinzi usiolipiwa mshahara. Lakini watu wa makabila mengine hawafungwi nao, na nyama yake inatafutwa mijini, hasa sikukuu za Krismasi, Pasaka na Uhuru wa tarehe 26 Juni. Wakusanyaji wanaingia msituni na mikokoteni, wanapiga kambi, wanachinja na kukausha nyama huko huko. Kobe hakimbii, hajifichi kwa ustadi, na mvua ikinyesha wote wanatoka kunywa. Kazi inabaki kuokota tu.

Nakumbuka Bi mkubwa wetu, mtunza hazina, aliuliza kwenye simu: "Mwalimu, huyo anayeliwa si ndiye atakayekwisha mbele? Anayeibwa si anafugwa huko, anazaa?" Swali zuri, na jibu linaudhi. Kobe aliyeko kwenye kabati la kioo la tajiri amekwisha kuondoka kwenye hesabu ya kichaka. Hatarudi, na hata akizaa, huwezi kuchukua watoto wa ukoo usiojulikana, waliokaa na kobe wa mabara mengine na maradhi yao, ukawamwaga ghuba ya Baly. Kwa mianzi ile aliyeibwa na aliyeliwa ni mamoja.

Hesabu ya mayai

Angonoka jike hataanza kutaga kabla ya kufika miaka 15 hivi, wengine 20. Akianza, hutaga yai moja hadi sita kwa mkupuo, na anaweza kurudia mara kadhaa ndani ya msimu. Mayai yanafukiwa ardhini yanangojea. La kupendeza ni hili: yaliyotagwa mwanzo wa msimu na yaliyotagwa mwishoni hutotolewa karibu wakati mmoja, mvua za kwanza zinapolegeza udongo. Kwa hiyo yai linaweza kukaa chini siku 170, jingine likakaa karibu 300. Kinda anayetoka anaenea kwenye kiganja huku nafasi ikibaki, na kila chenye meno kinamtaka.

Sokake naye si mwepesi. Naye anakawia kukomaa, mayai yake machache, makinda wake wanaliwa. Mpangilio huu wa maisha unategemea jambo moja: mzazi aliyefika utu uzima lazima aishi muda mrefu sana, atage miaka 40, 50, ili katika mayai yote hayo wawili watatu wafike kuwa wazazi. Asili haikumwandalia kobe mkubwa adui. Anayempokonya kichaka jike wa miaka 30 anapokonya nusu karne ya mayai, na pengo lake halizibiki kwa kuleta makinda kumi.

Ndiyo maana sikubali hoja ya "sokake wako mamilioni, waacheni." Ni kweli mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitolewa makadirio ya milioni 12. Muongo mmoja baadaye makadirio mengine yakataja milioni 6. Mwaka 2010 wataalamu walionya kwamba kwa kasi ile angeweza kutoweka ndani ya miaka 20. Angonoka kwa upande wake alikadiriwa mwaka 2008 kuwa na wakubwa kama 200. Wizi ulioendelea baada ya hapo umewashusha, na wanaowafuatilia walifika kusema wamebaki chini ya 100.

Mwaka ule wa 1996

Mradi wa kumwokoa angonoka ulianza 1986, shirika la Durrell la Jersey likishirikiana na serikali ya Madagaska. Walijenga kituo Ampijoroa, ndani ya hifadhi ya Ankarafantsika, wakaanza kuzalisha. Mambo yakaenda vizuri, hadi Mei 1996 watu wakaingia usiku wakaondoka na kobe 75: majike wawili na makinda 73. Kazi ya miaka kumi kwa usiku mmoja. Baadhi yao walikuja kuonekana Uholanzi.

Sasa sikilizeni ya kwetu. Kobe wakubwa wa Changuu, hapo mbele ya Mji Mkongwe, ni uzao wa kobe wa Aldabra waliotoka Shelisheli kama zawadi mwaka 1919. Kufikia 1955 walikuwa 200 hivi. Wakaibwa, wakaliwa, wakauzwa, hata ilipofika 1996, mwaka uleule, walikuwa wamebaki saba. Vililetwa vitoto 80 kuongeza idadi; 40 vikayeyuka. Ndipo likajengwa boma imara, nao leo wamo, wanakula mchicha mikononi mwa watalii.

Niliwapeleka wanafunzi mara moja. Kobe akinyoosha shingo unasikia pumzi, ile pumzi nzito kama mlango wa basi unapofunguka. Mmoja alikuwa na namba ya umri iliyopakwa rangi ya buluu mgongoni, tarakimu tatu. Mtoto wa kidato cha pili akauliza, "Mwalimu, na huyu anachezea timu gani?" Nikacheka, lakini baadaye niliposoma habari za angonoka nikaikumbuka ile rangi. Maana angonoka sasa naye anaandikwa mgongoni, na si kwa brashi. Wanamchonga. Herufi na namba zinachimbwa kwenye gamba lenyewe, kubwa, makusudi zionekane, ili asifae tena kuwa pambo la mtu. Kazi hiyo inafanyika Madagaska na kwenye vituo vya nje vinavyotunza waliookolewa. Ukiiona picha inakukera: mnyama mzuri vile, mgongo umechorwachorwa kama dawati la shule. Kukukera ndiyo shabaha.

Ninachotaka kundi letu lione hapa ni kwamba kuzalisha bandani na kulinda mlango ni kazi mbili, na ya pili ndiyo inayoshindwa. Mwaka 1997 ghuba ya Baly ikatangazwa hifadhi ya taifa, hifadhi iliyowekwa kwa ajili ya kobe huyu. Kuanzia 1998 vijana waliozaliwa Ampijoroa wakaanza kurudishwa porini, wengine na vifaa vya redio mgongoni. Wanakijiji wakafyeka njia pana ili moto usivuke, wakaanza doria. Yote hayo yalifanyika na yanastahili sifa. Wezi nao wakangoja kobe wakue.

Nyumba ya Toliara

Aprili 2018, mjini Toliara, kusini magharibi ya Madagaska, maofisa waliingia kwenye nyumba ya ghorofa moja wakakuta sokake karibu 10,000. Sakafu yote, chumba hadi chumba, hapakuwa na pa kukanyaga. Hakuna maji, hakuna chakula, na miongoni mwao mizoga. Piga hesabu: nyumba moja ilikuwa na sokake zaidi ya mara mia ya angonoka wakubwa waliobaki porini. Oktoba mwaka huohuo wakakamatwa wengine zaidi ya 7,000.

Baada ya kukamata ndipo kazi inapoanza, na gazeti haliandiki tena. Kobe elfu kumi wanataka majani kila siku. Wanataka maji, dawa, kivuli, ukuta na mtu wa kulala getini. Shirika la Turtle Survival Alliance ndilo lililobeba mzigo mkubwa wa hao, likiwagawa kwenye vituo vyake vya kusini. Huwezi kuwamwaga tu: ukimpeleka kobe mahali asipopajua anaanza kutembea, anatafuta kwao, anatoka nje ya ulinzi. Kwa hiyo walipoanza kurudishwa, mwaka 2021, kundi la kwanza la 1,000 liliwekwa kwanza ndani ya uzio msituni kwa miezi, wapazoee, ndipo uzio uondolewe.

Na pale wanaporudishwa anatakiwa jirani atakayewaacha. Hapa sokake ana bahati ambayo angonoka hana: ana watu. Mwiko wa Watandroy bado una nguvu vijijini, na juu yake vijiji vinaweka dina, sheria yao wenyewe yenye faini yao wenyewe, inayomfunga hata mpita njia. Palipo na imani hiyo shirika limejibu kwa vitu vinavyoonekana. Kijiji cha Antsakoamasy kilijengewa shule kwa kuwa kimewatunza kobe wake. Ila msiniletee picha ya paradiso. Kusini kule ukame unarudi kila baada ya miaka michache, watu wanakula majani ya mpungate wenyewe, na mwiko ni mgumu kushika tumboni mkiwa hamna kitu.

Shilingi yetu inafika wapi

Bi mkubwa aliposoma rasimu yangu alinipigia akasema: "Yote nimeelewa. Lakini Mwalimu, mgonjwa aliye mahututi na mgonjwa wa wodini, unaanza na nani?" Nikamjibu inategemea wewe ni nani hospitalini. Kama ni daktari, unakimbilia mahututi. Kama umekuja na chupa ya uji, mahututi hanywi uji.

Sisi ni watu wa uji. Tuna milioni moja na ushei, mara moja, na mwakani huenda tukarudi kwenye visima. Angonoka anahitaji mambo mazito: doria zisizokatika hata mwezi mmoja, upelelezi, waendesha mashtaka wasionunulika, shinikizo kwa nchi za wanunuzi. Mchango mdogo wa mara moja hauna ubaya humo, unaingia kwenye posho za doria, lakini nguvu yake ni kuendelea. Ukikatika, aliyekuwa analindwa kwa fedha hiyo anabaki peke yake na anayengoja.

Kwa sokake fedha ndogo inafanya kazi nzima. Ni chakula cha waliookolewa, nyavu za uzio, posho ya mlinzi wa kijiji ambaye tayari anaamini anachokilinda. Hata ikiisha, kobe mia waliokwisha kupazoea mahali wanabaki.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama mnatoa mara moja, au hamna uhakika wa mwakani, mpelekeeni sokake. Kama mnaweza kujifunga kutoa kila mwaka, hata kidogo, kwa miaka mitano, hapo nabadilika: mpeni angonoka, kwa sababu ulinzi wa miaka mitano ndio anaoukosa, na akiondoka hakuna msitu mwingine wa kumtafuta. Kama mnachotaka ni picha ya kuweka kwenye kundi, nendeni Changuu, ni karibu, na kiingilio chenu nacho kina kazi.

Na kwa wenye haraka ya kutuma: ada za benki za kupeleka fedha nje zinameza michango midogo, kwa hiyo ikusanywe itumwe mara moja. Andikeni kwenye maelezo kuwa ni ya angonoka au ya sokake, Madagaska, la sivyo itaingia mfuko mkuu. Anayekuahidi "kumlea kobe wako" nyumbani kwake na kukutumia video, mkimbie.

Lisilohitaji mchango

Wanne wetu wanafanya kazi za bandari, uwakala wa mizigo na uwanja wa ndege. Hao nawaambia mchango wenu unaweza kuzidi wa kundi zima. Njia ya magendo haya inapita kwetu. Kutoka Madagaska hadi pwani ya Afrika Mashariki ni safari ya mashua, na kutoka hapa ni ndege. Mwaka 2024 huohuo Thailand ilirudisha Madagaska wanyama zaidi ya 900, wengi wao kobe, waliokamatwa kule. Wengine hawakufika hai.

Mkiona, mjue mnachokiona. Kobe wetu wa kawaida wa bara ana madoadoa yasiyo na mpangilio. Miale iliyonyooka kutoka katikati ya kila kipande, huyo ni sokake. Ulimi chini ya koo, huyo ni angonoka, na pengine mmemshika mmoja wa mwisho. Kijikobe cha kiganja chenye michoro kama utando wa buibui ni jamaa yao wa tatu, naye ni wa Madagaska vilevile. Husafirishwa wamefungwa miguu kwa gundi au wametiwa kwenye soksi, wasikwaruze begi. Msimguse kwa ajili ya picha, msikubali "mmoja wa watoto nyumbani". Polisi au maofisa wa wanyamapori, hapo hapo.

Kura ni Jumapili baada ya alasiri, kwa Bi mkubwa. Ambaye hatafika amtumie ujumbe yeye, si mimi, na aandike neno moja: angonoka au sokake. Yangu nimeshaituma. Ya kwake ameikunja ndani ya daftari la hazina na amekataa kuionyesha, ila amewapigia simu wanne akiwauliza kama wako tayari kujifunga miaka mitano.